Maswali ya Wasomaji: Kompyuta inasema kimeng'enya kipo, sahani ya maabara inakataa

Swali kutoka Uyole, Mbeya: Salaam wahariri. Nimetenga bakteria kwenye vinundu vya mizizi ya maharage, na jenomu yake imeshasomwa. Programu imeipa protini moja jina la ACC diaminesi. Inafanana na ile ya Pseudomonas kwa asilimia 36, na thamani E ni 2e-55. Lakini nikimpanda bakteria huyo kwenye midia yenye ACC kama chanzo pekee cha naitrojeni, haoti. Nimekosea wapi?

Jibu: Kabla ya kurudia kazi ya maabara, rudi kwenye lile jina. ACC ni malighafi ambayo mmea huitumia kutengeneza ethilini, homoni inayodumaza mizizi mmea unapopata shida. ACC diaminesi huivunja ikatoa amonia na alfa-ketobutireti. Ndiyo maana kila anayetafuta bakteria wa kusaidia mazao hukitamani kimeng'enya hiki, na ndiyo maana jina lake hugawiwa kirahisi mno.

Thamani E hujibu swali moja tu: je, mfanano huu ungeweza kutokea kwa bahati? Yako inasema hapana, protini hizi ni ndugu. Haisemi kwamba zinafanya kazi moja. Watoto wa baba mmoja, huyu fundi cherehani na yule seremala. Tena thamani hiyo hupanda kadiri hifadhidata inavyokua: ukilinganisha na hifadhidata kubwa mara kumi, nayo huongezeka mara kumi hivi, ingawa protini ni zilezile. Ukitaka kulinganisha matokeo ya siku mbili tofauti, tumia alama za biti, ambazo hazibadiliki na ukubwa wa hifadhidata.

Ndugu anayesumbua hapa ni D-sisteini desulfhidresi, kimeng'enya kinachovunja D-sisteini. ACC diaminesi ya Pseudomonas ina asidi amino 338 na desulfhidresi ya E. coli ina 328, kwa hiyo urefu hautakusaidia kuzitofautisha. Namba zao za EC (namba za kimataifa zinazoainisha vimeng'enya kwa kazi), 3.5.99.7 na 4.4.1.15, zinaachana tangu tarakimu ya kwanza. Kwa vimeng'enya kwa jumla, mfanano wa asilimia 40 kwenda juu ndio unaoanza kukuruhusu kuamini tarakimu tatu za mwanzo za EC, na kwa zote nne tafuta 60. Wewe una 36.

Fanya hivi. Kusanya mifuatano mitano au zaidi ya ACC diaminesi zilizothibitishwa maabara, ongeza michache ya desulfhidresi, weka na yako, kisha ipange yote pamoja kwa MAFFT, programu ya kupanga mifuatano safu kwa safu. Tazama nafasi ya 295 na ya 322 kwa hesabu ya protini ya Pseudomonas UW4. ACC diaminesi ya kweli ina glutameti (E) kwenye ya kwanza na lusini (L) kwenye ya pili. Watafiti walipozibadilisha hizo mbili kuwa serini na threonini, kimeng'enya kikageuka kuwa desulfhidresi. Usihesabu kwenye protini yako peke yake. Fuata safu ya mpangilio, kwa sababu asidi amino moja ikiongezeka au kupungua huko nyuma, hesabu yote inahama na utasoma herufi isiyo yake.

Ukikosa E na L, futa jina hilo kwenye jedwali lako. Ukizikuta, usimkatie tamaa bakteria wako. Katika Mesorhizobium loti jeni hii huwashwa na NifA, mdhibiti wa jeni za naitrojeni, nayo hufanya kazi ndani ya kinundu. Bakteria wa aina hiyo anaweza kushindwa kuota kwenye sahani ilhali jeni anayo kweli. Angalia basi kilichoko jirani yake kwenye jenomu: mdhibiti AcdR, au mahali pa kushikia NifA.

Swali kutoka Tukuyu: Intaneti hukatika kila mara na kompyuta yangu ina RAM ya GB 8. Naweza kufanya kazi hii ya kuzipa protini majina?

Jibu: Unaweza. Pakua Swiss-Prot, hifadhidata ya protini, mara moja tu. Ikiwa imebanwa haizidi sana megabaiti 100, na majina yake yamepitiwa na wataalamu. Jenomu ya herufi milioni 5 hutoa protini 5,000 hivi, na DIAMOND, programu ya kutafuta protini zinazofanana, huzimaliza bila intaneti. Weka sharti kwamba mfanano ufunike asilimia 80 ya protini yako na asilimia 80 ya ile uliyoipata. Ukidai upande mmoja tu, kipande kidogo kinachoshika ATP kitaipa protini yako jina la kimeng'enya kizima.

Swali kutoka Mafinga: Nimepata nifH, jeni ya naitrojinesi, kimeng'enya kinachofunga naitrojeni. Je, niandike kwamba bakteria huyu anafunga naitrojeni?

Jibu: Bado. NifH ina ndugu wa karibu, BchL, ambaye kazi yake ni kutengeneza klorofili ya bakteria, na utafutaji wa kawaida huwachanganya. Tafuta jeni sita: nifH, nifD, nifK, nifE, nifN na nifB. Tatu za mwanzo huunda naitrojinesi yenyewe, tatu zinazofuata huunda kiini chake cha chuma na molibdeni. Jenomu yako ikiwa imekatika vipande vingi, jeni inayokosekana huenda imekatwa ukingoni mwa kipande. Itafute kwa tblastn, programu inayolinganisha protini na DNA, kwenye DNA yenyewe kabla ya kuandika kwamba haipo. Zikipatikana zote sita, nenda maabara ukapime upunguzaji wa asetilini, kipimo kinachoonyesha kama naitrojinesi inafanya kazi.