Manyoya meupe kwenye ngano niliyootesha: ni ukungu?

Swali: Mtaalamu, ninaotesha ngano kwenye sinia ndani ya nyumba ili nipate majani ya juisi. Siku ya tatu punje ziliota manyoya meupe, nikaogopa nikamwaga zote. Nimerudia, yametokea tena. Je, ni ukungu? Na nikiyaacha majani yakue, nitapata ngano ya unga?

Jibu: Pole, huenda ulimwaga ngano isiyo na kosa lolote. Katika siku hizo za mwanzo mizizi huota vinyweleo vyeupe vya kufyonzea maji, vikisimama unaweza kudhani ni pamba. Vinyunyizie maji. Vinyweleo hulala vikashikamana na mzizi, usivione tena. Tena viko kwenye kila mzizi, kwa usawa. Ukungu huanzia mahali pamoja, mara nyingi kwenye punje iliyovunjika au iliyogoma kuota, kisha hutambaa kama utando wa buibui, ugeuke kijivu au kijani, na sinia linuke uvundo. Huo ukiuona, tupa sinia zima. Wapo wanaokata majani ya juu, wakayaosha na kuyanywa. Mimi sishauri, maana juisi hii hainywewi ikiwa imechemshwa.

Chanzo kikubwa cha ukungu ni mkono mwepesi wa kumwaga maji. Loweka punje saa 8 hadi 12, zichuje, halafu zisuuze asubuhi na jioni mpaka zitoe ncha nyeupe. Zitandaze juu ya udongo safu moja, zigusane bila kupandana, kwenye sinia lenye matundu chini. Funika siku 2 au 3. Ukifunua utakuta machipukizi ya njano. Usishtuke, yakipata mwanga yatageuka kijani. Baada ya hapo gusa udongo kwanza kabla ya kumwagilia. Joto likipita nyuzi 25, hamishia sinia penye ubaridi na hewa inayopita.

Halafu mbegu yenyewe. Ngano iliyotiwa rangi nyekundu au ya waridi ina dawa, ni ya shambani, usiithubutu. Tafuta ngano nzima ya kula. Iliyokobolewa imepoteza kiini na haioti.

Kata majani yakifika sentimita 15 hivi, kwa kawaida siku ya 7 hadi 10. Ukichelewa yanakuwa na nyuzinyuzi. Yataota mara ya pili, ila membamba.

Unga kutoka kwenye sinia usahau. Punje zimebanana mno na udongo ni kiganja tu. Majani yatageuka njano na kulala kabla hujaona suke. Hata shambani, mavuno ya tani 3 kwa hekta ni sawa na gramu 300 kwa mita moja ya mraba, na hizo ni za mkate mmoja mdogo. Ukitaka tu kuona suke, panda punje chache kwenye ndoo yenye udongo wa kutosha, ziachane sentimita 5, uiweke juani, kisha usubiri miezi 4 hivi. Uliza kwanza aina ya ngano: ile ya majira ya baridi huhitaji wiki kadhaa za baridi kali ndipo itoe suke. Bila hiyo baridi utamwagilia nyasi tu.