Maswali ya Wasomaji: Pini na Fito za Land Rover ya Zamani ya Jeshi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua Land Rover Series IIA ya mwaka 1967 iliyokuwa mali ya jeshi, nami naifufua polepole hapa nyumbani Arusha. Injini inawaka vizuri, lakini fito zinazounganisha pedali ya mafuta na kabureta zinachezacheza, na breki ya mkono haishiki mpaka wenzo wake ufike juu kabisa. Fundi aliingiza bolti mpya za spana ya 13, na moja imekwama katikati ya tundu. Vifaa vidogo kama hivi nivipate wapi, na je, ni lazima viwe vile vya jeshi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na bolti iliyokwama, kwa sababu ukiielewa hiyo utajua pia cha kuuliza dukani. Land Rover za wakati huo zilifungwa kwa bolti za inchi, nyingi zikiwa za kipimo cha UNF (cha inchi chenye meno membamba), ingawa za BSF, kipimo cha zamani cha Kiingereza, bado hukutwa huku na kule, hasa kwenye giaboksi. Bolti ya UNF ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, na kichwa chake ni cha nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 huikamata, na fundi aliyezoea vipimo vya milimita huamini kwamba ameshika bolti ya milimita 8. Lakini meno, ambayo mafundi wengi huyaita thredi, hayalingani: ile ya inchi ina meno 24 katika kila inchi, ilhali ya milimita 8 ya kawaida ina takribani 20. Ukiilazimisha ya milimita kwenye tundu la inchi, huingia mizunguko miwili au mitatu kisha ikakaza, na kila unapoongeza nguvu unakata meno ya tundu lililokuwa zima. Mwambie fundi aimwagie mafuta mepesi, airudishe nyuma kidogo kidogo, kisha asafishe meno ya tundu kwa tapu ya UNF, yaani kifaa cha kukatia meno ndani ya tundu.

Bolti za UNF utazipata mahali ambapo wengi hawafikirii kwenda, nako ni kwenye maduka ya spea za matrekta. Massey Ferguson 135, trekta linalojulikana sana kwa wakulima wetu, nalo limefungwa kwa bolti za inchi za UNF na UNC (hii ya pili ina meno mapana zaidi). Nenda na kalipa ya kupimia unene na geji ya kupimia meno, maana kumwonyesha muuzaji bolti iliyolika na kumwomba inayofanana nayo ndiko kulikokufikisha hapa ulipo.

Kuhusu breki ya mkono, kumbuka kwamba katika gari hili haikamati magurudumu. Inakamata ngoma iliyo nyuma ya giaboksi ya pili (ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), kwenye mzunguko wa propela shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, na nguvu ya mkono wako hufika huko kupitia wenzo, fito na pini kadhaa. Zuia kwanza magurudumu kwa mawe, urekebishe viatu vya breki kwenye ngoma, halafu ndipo uvilaumu viungo. Wenzo ukiendelea kupanda, chomoa kila pini uitazame pamoja na tundu lake. Pini hulika upande mmoja na tundu huwa umbo la yai. Kila kiungo kikilegea milimita moja, mwisho wa fito unapoteza mwendo wote uliohitajika. Pini mpya ndani ya tundu la umbo la yai ni fedha iliyotupwa. Mpelekee fundi wa kukereza alitoboe tundu liwe duara tena na kulitia bushi (kipande cha bomba la chuma cha kukaa ndani ya tundu), kisha akukerezee pini ya chuma kigumu yenye kichwa, na tundu mwishoni la kupitishia pini ya kukunja miguu. Usiweke bolti yenye meno mwili mzima mahali pa pini (nimeyaona magari mengi ya namna hiyo), kwa sababu meno hayo hufanya kazi ya tupa ndani ya kiungo.

Fito za pedali ya mafuta ni kazi nyepesi zaidi. Vichwa vyake vya mpira mdogo wa chuma vikilika, badilisha mpira na kikombe chake pamoja, na hakikisha baada ya kufunga kwamba springi inarudisha kabureta yenyewe pedali inapoachiwa.

Sasa suala la ujeshi. Vifaa vya akiba vya majeshi ya nchi za NATO hupewa namba ya tarakimu 13, na tarakimu ya tano na ya sita zikiwa 99, kifaa kimesajiliwa na Uingereza. Namba hiyo ni msaada mkubwa unapoagiza kwa wauzaji wa mabaki ya stoo za jeshi, lakini haiifanyi pini kuwa bora kuliko ya raia. Kwa maoni yangu, lipia zaidi pale tu unapotaka gari la maonyesho. Kwenye stoo za jeshi lenyewe bolti iliyotoshea ndiyo iliyofungwa.

SWALI: Boljointi za usukani (viungo vya mpira wa chuma mwishoni mwa fito za usukani) za Land Rover yangu zimelegea. Fundi ananiambia atazifungua na kuzijaza kwa kuchomelea. Nikubali? – Msomaji, Nanyuki

JIBU: Usikubali. Chuma cha boljointi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa, na joto la kuchomelea huuharibu. Kikikatika barabarani, magurudumu hayakutii tena. Nunua mpya zote sita, ukikumbuka kwamba kila fito ina upande mmoja wenye meno ya kushoto (yanayokazwa kwa kuzungusha kushoto), na hesabu mizunguko unapozitoa zile za zamani ili mpya zirudi karibu na urefu uleule kabla ya kupima mwelekeo wa magurudumu.