Kabla Hujajaza Fomu ya Shindano la Wajasiriamali: Ushauri kutoka Kigoma

Kila mwaka unapoanza, makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wadogo hapa Kigoma hujaa matangazo ya fursa: wakfu fulani unatoa ruzuku, shirika fulani linatafuta vijana wabunifu, tuzo fulani zimefungua dirisha la maombi na mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Anayetengeneza sabuni za mawese Mwandiga, anayefungasha dagaa Katonga na kijana aliyeunda programu ya simu huko Mwanga wote hutumiwa tangazo lilelile, na wote huulizana kama wajaze au wasijaze. Mimi natengeneza na kuuza sabuni, nimeshiriki mashindano na mafunzo ya aina hiyo, na siku hizi wenzangu huniletea maandiko yao niyasome kabla hawajayatuma. Ninachowaambia ni kwamba shindano la kujaza ni lile ambalo maandalizi yake yataifaa biashara yako hata kama jina lako halitasomwa siku ya matokeo. Yaliyobaki yaache yapite.

Nasema hivyo kwa sababu waombaji daima ni wengi kuliko nafasi. Mpango wa Wakfu wa Tony Elumelu, mfanyabiashara tajiri wa Nigeria, ulioanza mwaka 2015, humpa mjasiriamali anayechaguliwa mtaji wa dola 5,000 za Marekani usiorudishwa, pamoja na mafunzo ya mtandaoni. Kwa kawaida dirisha lake hufunguliwa Januari 1 na kufungwa Machi 1, na hupokea biashara zilizo bado wazo au zisizozidi miaka mitano, kutoka nchi zote za Afrika. Mtu wa Ujiji anayeomba hapo anapimwa pamoja na mtu wa Lagos na wa Kairo, na hana namna ya kujua nani mwingine ameomba. Anachoweza kukihakikisha ni kwamba akimaliza kujaza fomu ile atakuwa amejua gharama halisi ya bidhaa yake, idadi ya wateja wanaorudi, na kiasi cha fedha kinachobaki baada ya kulipa kila mtu.

Hapo kwenye gharama ndipo maandiko mengi ninayoyasoma yanapoanguka. Mtu anaandika kwamba faida yake ni asilimia 40, lakini ukimuuliza ameipataje, anakujibu kwamba ananunua mafuta kwa kiasi hiki na kuuza sabuni kwa kiasi kile. Hebu tufanye hesabu ya kweli. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 hivi, na ili mafuta hayo yote yageuke sabuni yanahitaji takribani kilo mbili na nusu za kostiki. Ongeza kuni, manukato, karatasi za kufungia, nauli ya kupeleka mzigo sokoni, miche inayovunjika wakati wa kukata, na saa zako mwenyewe, ambazo karibu kila mtu huzisahau kana kwamba yeye ni kibarua asiyelipwa katika biashara yake. Kisha kumbuka kwamba bei ya dumu haitulii: michikichi inapozaa kwa wingi hushuka, na msimu ukipita hupanda. Mchanganuo wa biashara wenye bei moja ya mawese kwa mwaka mzima hauwezi kumdanganya jaji aliyewahi kununua mafuta Kigoma.

Katika shindano moja la ngazi ya mkoa nilimwona jaji akinyanyua mche wa sabuni kwenye meza ya mshiriki na kuupima mkononi.

“Dada, huu una uzito gani?”

“Gramu mia nane, mheshimiwa. Imeandikwa hapo kwenye karatasi.”

Jaji akatoa mizani ndogo mfukoni mwa koti, ile ya kupimia vitu vya jikoni, akauweka mche juu yake. Ikasoma gramu 730. Yule dada hakuwa tapeli hata kidogo. Sabuni yake ilikuwa imefungwa mapema, ikiwa bado mbichi, na sabuni mbichi huendelea kupoteza maji kabatini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo uzito aliouandika ulikuwa wa kweli siku ya kukata na si wa kweli siku ya kuuza. Jaji hakumgombeza. Alimuuliza kama bei yake ameipanga kwa gramu 800 au kwa 730, na kama Wakala wa Vipimo wakipita dukani atawajibu nini. Nilipofika nyumbani nilipima sabuni zangu zote, na tangu siku hiyo huandika uzito baada ya sabuni kukauka. Sikumbuki nani alipata ngao siku ile, ila lile swali la mizani ndilo lililonipa kitu cha kwenda nacho.

Wanaofanya biashara ya dagaa wana mtihani wao. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Hata hivyo bado naletewa michanganuo inayoonesha mauzo yaleyale kila mwezi, Januari hadi Desemba, kana kwamba ziwa halijawahi kufungwa. Vijana wa teknolojia nao wasidhani hili haliwahusu: ukijenga mfumo wa kuwaunganisha wachuuzi wa Kibirizi na wanunuzi wa Dar es Salaam, jaji atataka kujua watumiaji wako watafanya nini mwezi Juni. Jibu linaweza kuwa akiba ya dagaa waliokaushwa vizuri kwenye vichanja, au mfumo huohuo kupokea mawese na maharage ya Kasulu, lakini ni lazima liwepo, na lionekane kwenye hesabu.

Kwa wabunifu wa teknolojia napenda kutaja mfano wa Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha, Mtanzania aliyekuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mwaka 2015 alipata pauni 25,000 kwa kichujio cha maji kinachotumia mchanga pamoja na teknolojia ya nano, ambacho kinaweza kurekebishwa kulingana na uchafu uliopo katika maji ya mahali husika, ikiwemo floraidi inayowasumbua watu wa kaskazini. Tatizo lilikuwepo kwenye ndoo za watu kabla ya chombo kubuniwa. Maandiko mengi ninayoletewa huenda kinyume chake: programu imeshakamilika, ina rangi nzuri, na sasa mwenyewe anatafuta tatizo la kuibandikia. Watumiaji 20 wa kweli wa soko la Mwanga, wanaolipa hata kama ni kidogo, wana uzito kuliko kurasa nyingi za maelezo kuhusu ukubwa wa soko la Afrika Mashariki.

Wapi pa kuanzia? Kwa fundi au mbunifu asiye na cheti, mlango ninaouona kuwa wa haki ni Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yanayojulikana kama MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019 chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia pamoja na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Yana kundi la mfumo usio rasmi, maana yake fundi wa gereji wa Kibondo hashindanishwi na mhadhiri wa chuo kikuu. Kwa msindikaji wa chakula au mtengenezaji wa sabuni, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ndiyo ningemtuma kwanza, kabla ya shindano lolote. Shirika hilo limekuwepo tangu 1973, watu wamelizoea kiasi cha kulipita bila kuingia, lakini hufundisha usindikaji na ufungashaji, na barua yake ya utambulisho humsaidia mjasiriamali mdogo anapoomba alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS). Alama hiyo utaulizwa katika karibu kila shindano la bidhaa, na utaulizwa vilevile na mwenye duka kubwa ambaye hajali kabisa umeshinda nini.

Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Magharibi, yanayotukutanisha sisi na ndugu zetu wa Tabora kule Ipuli, nayo nayahesabu kuwa mafunzo. Unakaa meza moja na wafuga nyuki wa Sikonge, unaona walivyoanza kufungasha asali kwenye chupa zenye lebo inayosomeka, na unasikia mteja akilalamika mbele yako bila kukuonea haya. Gharama yake ni nauli, malazi na bidhaa za kuonjesha. Ipige hesabu mapema, na urudi na namba za simu za wanunuzi.

Kuhusu mafunzo yenyewe nitasema wazi jambo ambalo wengi tunalijua na hatuliandiki. Kuna watu katika mji huu ambao kazi yao imekuwa kuhudhuria semina. Wanajua ukumbi upi una chai nzuri, mradi upi unarudisha nauli na upi unatoa posho, na wana vyeti vya kutosha kufunika ukuta, wakati biashara zao ziko palepale. Siwalaumu sana, kwa sababu posho ya siku moja inaweza kuzidi faida ya siku hiyo dukani, na wapo waandaaji wanaohitaji orodha ya mahudhurio kuliko wanavyohitaji matokeo. Lakini kama una biashara ya kweli, uliza kabla ya kujiandikisha: je, mwezeshaji atakuja kuniona mahali ninapofanyia kazi baada ya mafunzo? Mafunzo yenye ufuatiliaji, hata ya siku mbili, yanazidi wiki nzima ya kuangalia picha ukutani. Nenda na kaunta buku lako la mauzo, siyo daftari jipya, na umuombe mwezeshaji alikague wakati wa mapumziko. Kaunta buku hilo litakusaidia hata mamlaka ya mapato, maana kwa wafanyabiashara wadogo wanaokadiriwa kodi, mwenye kumbukumbu hupigiwa hesabu tofauti na asiyekuwa nazo.

Ziko pia tuzo za kununua. Unapokea ujumbe wa pongezi kwamba umeteuliwa kuwania tuzo ya mjasiriamali bora wa kanda, nawe hukuomba wala hakuna aliyekuja kuona kazi yako. Baada ya siku chache unaelezwa kwamba ili ushiriki ulipie meza, au ununue kifurushi chenye tangazo na ngao. Mimi nimeshaupokea ujumbe huo, na niliwajibu kwa heshima kwamba fedha hiyo ninanunulia mawese. Tuzo za kura za SMS nazo hupima ukubwa wa ukoo wako tu. Kanuni yangu ni fupi: shindano linalodai ada kwa mshiriki, halitaji majaji wake na haliandiki vigezo vyake, silijazi.

Ukishinda, soma masharti kabla ya kusherehekea. Ruzuku nyingi hutolewa kwa awamu, huingia kwenye akaunti yenye jina la biashara, na awamu ya pili hutegemea risiti za ile ya kwanza. Asiye na jina lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wala namba ya mlipakodi hujikuta akikimbizana na karatasi wakati tarehe ya kupokea fedha inapita. Zawadi za vifaa ndizo zenye mitego zaidi. Namfahamu mama aliyeshinda mashine ya kukamulia mise, yaani kokwa za chikichi, akashangiliwa ukumbi mzima, kisha ikabainika kwamba mashine inahitaji umeme wa njia tatu ambao nyumbani kwake haukuwepo, na gharama ya kuuvuta ilikuwa kubwa kuliko alivyoweza. Mashine ilifunikwa turubai kwa muda mrefu. Kabla ya kukubali kifaa, uliza kinatumia umeme gani, vipuri vinapatikana wapi, na fundi wake yuko wapi. Kama fundi yuko Dar es Salaam, hiyo ni safari ya kilomita zaidi ya elfu moja mpaka huku mwisho wa reli.

Wakati mwingine, baada ya kukaa na mtu na hesabu zake, nakuta kwamba anachohitaji ni mtaji mdogo wa haraka wala siyo shindano. Hapo namwelekeza kwenye mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo, unarudishwa, na kwa kawaida unahitaji kikundi kinachoelewana.

Wanaoogopa kuibiwa wazo wana hoja, ila si kubwa kama wanavyodhani. Jina na nembo visajili BRELA kama alama ya biashara, vipimo vya mchanganyiko wako usiviandike kwenye fomu, na kama umebuni kitu kipya kabisa unachotaka kukiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, pata ushauri kabla hujakionesha hadharani.

Mwisho ni lugha. Fomu nyingi za mashindano ya nje ni za Kiingereza, na hapo watu hukimbilia mwandishi wa kulipwa ambaye hajawahi hata kukanyaga karakana yao. Andika kwanza majibu yote kwa Kiswahili, wewe mwenyewe, kwa namba zako, mpaka mtu asiyejua biashara yako ayaelewe. Ndipo umtafute wa kukutafsiria, umlipe, na umwambie asiongeze jambo ambalo hukulisema, kwa sababu siku ya mahojiano atakayeulizwa ni wewe.