Jibu: Kutibu neva za wanyama na kufanya utafiti, vinaenda pamoja?

Ndugu, umeuliza kama daktari wa mifugo anayebobea kwenye ubongo na mishipa ya fahamu anaweza pia kuwa mtafiti, au lazima achague moja. Vinaenda pamoja, tena vizuri sana.

Chukua mbwa mzee anayeanza kuburuta miguu ya nyuma, kisha anapooza kidogo kidogo bila maumivu. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa ugonjwa huo unahusiana na mabadiliko kwenye jeni ya SOD1, jeni ileile inayosababisha baadhi ya visa vya ALS kwa binadamu, yaani ugonjwa unaoua neva za misuli na kumpoozesha mtu polepole. Na mbwa huyo hakufanywa augue maabarani. Ameugua mwenyewe, nyumbani kwa watu. Kwangu hapo ndipo thamani yake kwa utafiti ilipo.

Njia ni ndefu, nisikufiche: shahada ya udaktari wa mifugo, ubingwa wa takriban miaka 3, na uzamivu. Tafuta msimamizi mzuri kwanza, chuo baadaye. Jizoeze hadubini mapema, maana ugonjwa huu huthibitishwa kwa kuchunguza ugwe mgongo, yaani neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo, baada ya mnyama kufa. Mwenye mbwa akikubali uchunguzi huo, mshukuru kwa dhati. Amekupa kitu kikubwa akiwa na msiba.