Wadogo zangu wa dawati la habari, taharuki si chumvi

Nyie mlioanza dawatini majuzi nawapenda na mnajituma, ila wiki hii nimesoma taharuki kwenye bei ya nyanya, taharuki kwenye usajili wa mchezaji, taharuki mbunge kachelewa kikao. Jamani! Ngoja tuongee kabla hamjazoea.

1. Neno lenyewe ni la Kiarabu, taharraka, yani kusogea, kujongea, na ni ndugu wa damu na haraka na harakati. Ndo maana mimi nalishikilia hivi: taharuki ni hofu inayowatoa watu pale walipokaa. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, ukubwa 5.9, watu walitoka mbio majumbani, pale taharuki ipo tena kamili. Bei ya nyanya ikipanda mama anaguna, ananunua fungu dogo, anaondoka zake. Hiyo kero, iandikeni kero.

2. Aliyeshtuka akaganda, hajui ashike lipi aache lipi, huyo ana kiwewe. Aliyeletewa habari ya msiba akaanguka, kapatwa na kihoro. Shuhuda muulizeni watu walifanya nini, neno litakuja lenyewe.

3. Hii ndo inayoniuma mpaka leo. Kuna dawati nililokuwepo tulipitisha stori ya jiko la mama lishe kushika moto sokoni, mwandishi kaipata kwa simu, hakufika, na sisi hatukumuuliza. Moto wenyewe ulizimwa kwa mchanga na ndoo mbili tatu za maji, hakuna aliyeungua, wateja wakasogeza mabenchi wakaendelea kula. Sisi tukapiga kichwa kwamba taharuki imezuka sokoni, tukatupia mtandaoni chapchap tusije tukapitwa. Sasa fikiria unasoma hivyo na mama yako anauza palepale, unapiga simu haipokelewi kwa sababu yuko bize na wateja, unafanyaje? Watu walifunga maduka, wakadandia bodaboda, wakajazana kwenye geti la soko wengine wanaingia wengine wanatoka kuuliza kuna nini, wakasukumana, na muuza mchicha mmoja, mtu mzima, akaangushwa akavunjika mkono. Taharuki ikawepo kweli na tulioileta ni sisi. Kichwa tulikibadilisha jioni, mkono ulishavunjika, na yule mama mchicha wake ndo ulikuwa unalisha nyumba. Kwa hiyo nikiwapigia kelele saa ya dedilaini muulize tena chanzo, msinione mkali, namkumbuka yeye.

4. Taharuki imezuka, imetanda. Hakuna mataharuki. Kitenzi kutaharuki, ukimfanyia mtu umemtaharukisha.

5. Mliosoma fasihi, mnajua kule taharuki ni ile hamu ya msomaji kutaka kujua kinachofuata, na nadhani ndo mnakochanganyia, mkiona jambo lina mvuto mnaliita taharuki. Kwenye uhakiki wa riwaya ni sahihi kabisa, endeleeni. Kwenye habari hapana.

6. Kupaniki nalo limetujia kupitia Kiingereza ila asili yake Kigiriki, kwa Pan, mungu wao wa wachungaji, waliamini ndo anayewatia watu na mifugo hofu ya ghafla huko porini. Ni neno la mtaani lakini kwenye nukuu msilisafishe, konda akisema abiria walipaniki basi andika walipaniki.