Gofu Mauritius mwezi wa nane: upepo wa kusi mmeuhesabu?

SWALI: Ami shikamoo. Mimi na mume wangu mwezi wa nane twafikisha miaka 20 ya ndoa, na badala ya karamu tumeamua twende Mauritius wiki moja tukacheze gofu. Tutakuwa na shemeji yangu na mkewe ambae yeye hachezi kabisa. Sisi twacheza pale klabu ya Mama Ngina, handikepu yangu (alama ya kiwango cha mchezaji, ikiwa ndogo ndio bora) 24, mume wangu 18. Ejenti ametupa pakeji ya hoteli upande wa mashariki, raundi 6 kwa siku 7, picha ni nzuri mno. Je, tulipe?
Mama wa watatu, Kizingo

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana, Mungu awazidishie. Lakini pesa musitoe bado.

Wewe ni mtu wa Mombasa, kusi waijua, waona mwezi wa saba na wa nane bahari inavochafuka pale Mama Ngina na mpira ukiupiga juu unapotea. Sasa upepo ule ule wa kusini mashariki ndio unaopiga Mauritius miezi hiyo, tena kule ndio msimu wao wa baridi, na unapiga moja kwa moja upande wa mashariki, yaani hapo hapo ejenti alipowachagulia. Ejenti si mwongo, mashariki ndiko kwenye viwanja vinavosifiwa sana, kuna Île aux Cerfs, kuna Anahita alochora Ernie Els, kuna viwili vya Belle Mare. Ila kwa mwezi wa nane mimi ningelala magharibi, Tamarin au Flic en Flac, manake milima inawakinga na upepo na kuna jua zaidi. Hapo mna Tamarina, kazi ya Rodney Wright, mashimo 18, na ukishuka kidogo kusini kuna kiwanja cha Paradis chini ya mlima wa Le Morne kabisa. Mlima huo utazameni vizuri tafadhali, watumwa walotoroka walikuwa wakijificha huko juu, na watumwa wengi wa kisiwa kile walichukuliwa pwani hii yetu ya Afrika Mashariki na Msumbiji. UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008.

Île aux Cerfs nendeni, siwakatazi, ni kisiwa kidogo pembeni ya kisiwa kikubwa, mnavuka kwa boti, Bernhard Langer ndie alochora kile kiwanja na bahari mnaiona kila mnapogeuka. Lakini mara moja tu, na mchukue tii taimu (saa ya kuanza kucheza) ya asubuhi mapema upepo haujashika kasi. Mashimo mengi pale mpira lazima uruke maji, na kwa handikepu ya 24 mtapoteza mipira, kwa ivo bebeni mingi ya bei rahisi, ile mizuri iacheni hotelini. Muda wa boti pia muuhesabu, si wa kufika dakika kumi kabla ya kupiga. Mke wa shemeji yako siku hiyo aende nanyi, upande wa pili kuna ufuo wa watu wote, ataogelea wakati nyinyi mwahangaika.

Raundi 6 ni nyingi, wallahi. Chezeni 3 au 4, mwanzo Tamarina ili mzoee nyasi na grini zao (pale palipolainishwa penye shimo), Île aux Cerfs katikati ya wiki, siku zilobaki ziwe za ndoa yenu na za yule dada asiecheza, manake safari ya watu wanne ikiwa mmoja anakaa hotelini peke yake kutwa nzima basi wote mtanuna.

Kuhusu bei, muulizeni ejenti swali moja tu kabla ya lingine lolote: grini fii, yaani ada ya kucheza kiwanjani, imo au haimo? Kuna hoteli ambazo mgeni wao halipi grini fii, analipia kigari tu, na hapo chumba kinachoonekana ghali huwa nafuu kuliko kile rahisi. Makedi, wale wa kubeba mifuko ya gofu, kama wa kwetu msitegemee, kule wengi wanaendesha vigari.

Alafu makaratasi. Kadi ya homa ya manjano lazima iwe mkononi, kama hamjachanjwa chanjweni angalau siku 10 kabla ya safari. Chukueni na barua ya handikepu kutoka klabu yenu. Ndege mtapandia Nairobi, karibu masaa manne, na begi la gofu liandikisheni mapema wakati wa kukata tiketi. Sweta pia, jioni za mwezi wa nane kule si za Mombasa. Kama mwaweza kusogeza tarehe mpaka mwezi wa kumi basi sogezeni, upepo umepoa na msimu wa tufani bado.

SWALI: Mimi ndio najifunza, mwaka haujaisha. Nataka kisiwa cha karibu nicheze bila aibu, pesa si nyingi. Shelisheli je?
Kijana wa Likoni

JIBU: Shelisheli hapana kwa sasa ndugu yangu. Kiwanja cha mashimo 18 wanacho kimoja, Lemuria kule Praslin, na shimo la 15 unapiga kutoka juu ya kilima mpaka chini karibu na ufuo, ni zuri lakini si la mwanafunzi wala si la mfuko mdogo. Nenda Unguja, Sea Cliff kuna mashimo 9 alochora Peter Matkovich, bahari iko hapo hapo, na lugha ni yako. Pasipoti usisahau. Kabla ya hapo fanya mazoezi pale Mombasa Golf Club, mashimo 9 vile vile na upepo wa bahari ule ule, chukua kedi mzee akufundishe kupiga mpira chini chini.