Taa za sensa zilivyonitesa ofisini

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia: "Kaka, taa ya ofisini kwetu inazima kila nikitulia kusoma. Nifanyeje?" Mawazo yakarudi moja kwa moja kwenye kiti changu cha zamani pale Posta, Dar es Salaam, ghorofa ya 6, nikijiandaa na mitihani ya Novemba ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu.

Sisi tunaotafuta CPA, ile sifa ya uhasibu, huku tumeajiriwa tunajuana. Nyumbani kuna watoto na televisheni. Utulivu unaupata ofisini wenzako wakishaondoka. Tabu ilikuwa zile taa za sensa, yaani zenye kifaa cha kuhisi mtu: kikimhisi zinawaka, kisipomhisi zinazima. Unaanza kukokotoa kodi, umezama kabisa, mara giza. Unapunga mkono, zinawaka, lakini hesabu umeshapotea ulipofikia. Jioni moja bosi alinikuta nimesimama napunga mikono, akasema mbele ya watu: "Huyu anasoma au anaongoza magari?" Wakacheka. Neno lile linanichoma mpaka leo.

Nilifunga kipande cha karatasi mbele ya feni kipepee badala yangu. Wapi! Aliyenifumbua macho ni fundi umeme wa jengo, mzee mpole sana. Alinieleza kuwa sensa ile inasubiri joto la mwili lihame kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Karatasi ina joto lilelile la ukuta ulio nyuma yake, kwa hiyo kwa sensa ni kama haipo. Kioo nacho hulizuia joto hilo, ndiyo maana walio nyuma ya vioo huachwa gizani. Tena ukikatiza mbele yake inakuona upesi kuliko ukiijia usoni.

Akapanda ngazi, akabandua kifuniko cheupe. Ndani mlikuwa na vitufe 3 vya kuzungusha, vidogo kama punje za mahindi: cha muda, cha wepesi wa kuhisi, na cha kiwango cha mwanga. Cha muda kilikuwa kimeachwa karibu na mwanzo kabisa. Akakigusa kwa bisibisi nyembamba, akakipeleka hadi dakika 20. Kazi haikuchukua hata dakika moja, na mimi nilikuwa nimeteseka miezi 2.

Kwa hiyo dada yangu, mwite fundi. Usichokonoe mwenyewe, mle mna umeme. Wakati unamsubiri, hamisha kiti: kaa pale sensa inapouona mkono wako, siyo nyuma ya kabati la mafaili. Taa ndogo ya mezani nayo inasaidia. Lakini kubwa kuliko yote, sema! Mimi nilinyamaza kwa kuogopa kuchekwa, kumbe wenzangu nao walikuwa wanakerwa vilevile. Mtu anayetafuta maendeleo asione haya kuomba mwanga. Omba, na wasipokusikia omba tena. Mfuate fundi hata kwenye chai yake.

Novemba ile nilifaulu masomo yote. Matokeo yalipotoka, nilimpigia simu yule mzee kwanza, bosi akasikia baadaye.